Jalada la Isongole

Mwaka wa mahindi ya njano nilikuwa karani
kwenye ofisi isiyo na kibao, Mbeya, juu ya duka la baiskeli.
Kazi yangu taipu. Herufi R ilikuwa imelegea,
kila "siri" niliyoipiga ikatoka imepinda mguu.

Ikaja barua kutoka makao makuu:
mataifa makubwa, ilisema, yana watu
wanaofumba macho wakaona ya mbali.
Je, sisi tuna nini?
Ofisa Mkude akacheka, akavaa koti.
"Sisi tuna Subilaga."

Tulipanda na Landrova kupita Uyole,
ukungu ukatukwepa na kurudi kama mkwe mwenye deni.
Isongole ilinuka pareto na udongo wa viazi.
Tulimkuta akigeuza maua juu ya mkeka,
mama wa watu, buti moja jeusi, moja la kijani.
Huyu ndiye aliyemwambia mwenye ng'ombe aliyepotea,
"Yuko kwenye mabingobingo ya Mwakatobe, kamba imenasa,"
na ng'ombe akawa yuko, na kamba ikawa imenasa.

Ofisa akatoa bahasha. Lakiri nyekundu, saini mbili.
"Mama, serikali inakuomba utazame ndani."
Akatazama viatu vyetu kwanza.
Akatuwekea viazi na chumvi kwenye kifuniko cha sufuria,
maana serikali nayo, alisema, huwa inakula.

Halafu: "Humu hamna kitu."

"Tazama tena."

"Baba, nitatazama mpaka kesho. Aliyeifunga
amefunga upepo, akalamba gundi, akacheka."

Mkude akakunjua ramani juu ya maua.
Ng'ambo ya Songwe: kuna kambi? Malori mangapi?
Akaweka kidole kilichopasuka kwa baridi,
kikaenda ng'ambo, kikarudi,
kikasimama kwenye njia tuliyojia.
"Naona watu wenye njaa wanaogopana.
Huko wapo, na huku wapo.
Malori sikufundishwa kuhesabu."

Njiani Mkude alivunja lakiri kwa kucha.
Akaipindua bahasha juu ya goti, akaitikisa.
Hakusema neno mpaka taa za Uyole,
na pale alisema tu, "Watamtaka Dar."

Nilikijua chumba chenyewe. Nilikuwa nimetaipu oda ya samani zake:
meza moja, kiti kimoja, pazia zito,
na dirisha halikuwemo kwenye orodha.
Nikamwona humo na mabuti yake mawili yasiyofanana,
akiulizwa usiku na mchana nani anamchukia nani,
na huku pareto inaoza kwenye mkeka.

"Andika ulichokiona," Mkude aliniambia, akaenda kunywa.
Nikaweka kaboni mbili. Nikapiga:
*Mhusika hana uwezo wowote. Ni mkulima wa pareto.*
Sentensi mbili. Jasho lilinitoka kama niliyeandika kitabu.

Asubuhi aliisoma polepole, polepole mno
kwa mtu aliyeiona bahasha kwa macho yake.
Kisha akasaini, akaangalia dirishani,
akaniuliza bei ya baiskeli siku hizi.

Jalada likafungwa. Kabati likafungwa. Funguo zikapotea
kama zinavyopotea funguo za serikali.

Mwezi wa tatu, lori la viazi lilisimama pale chini.
Utingo akapandisha gunia ngazi zote, anahema,
akaniita Ambakisye, jina ambalo kule Isongole
hakuna aliyelitaja, maana tulikatazwa kutaja.
Ndani, juu ya viazi, karatasi ya daftari,
mwandiko wa mtoto wa darasa la tatu anayetajiwa:

*Shikamoo. Asante kwa yale maneno uliyoandika.
Yule mwenzako naye mwambie asante, asione aibu.
Ila hiyo R yako, mwanangu, ikaze.*

Viazi tulikula miezi miwili.
R sikuikaza.